Posho ya Mwanagenzi: Mafunzo ya Muziki ya Kiangazi katika Mkoa wa Singida

Utangulizi

Atakaye kuujua muziki wa watu hana budi kwanza aijue kalenda yao. Katika Mkoa wa Singida mwaka umegawanyika sehemu mbili zilizo dhahiri. Mvua huanza mnamo mwezi wa Novemba na kukoma mnamo Aprili. Baada ya hapo huja kiangazi kirefu, ambamo ni nadra kuona wingu la maana. Wakati wa mvua mikono yote imo shambani, kwenye uwele, mtama na mahindi, na katika miaka hii kwenye alizeti na vitunguu pia. Kiangazi kikiingia, ghala lina nafaka, mito imekauka na njia zinapitika. Na ngozi ya ngoma, iliyokuwa imelegea kwa unyevu, hukazika upesi ikianikwa juani. Kwa sababu hizo kiangazi kimekuwa tangu kale msimu wa arusi, wa jando na wa ngoma. Na kwa kuwa ndio msimu wa kupiga, kimekuwa pia ndio msimu wa kujifunza.

Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi vijana walivyofundishwa muziki katika majira hayo, tangu zama za wazee wetu hadi leo, na hasa kuchungua jambo moja ambalo mara nyingi hupitwa bila kuangaliwa: ni nani aliyegharimia mafunzo yenyewe? Neno posho, kabla halijawa fedha ya safari ya mtumishi, lilikuwa na maana ya chakula cha siku apewacho mtu aliye kazini. Kwa maana hiyo ya kwanza tunalitumia hapa. Kijana anayejifunza ala yuko kazini. Saa anazozitoa kwa zeze hawezi kuzitoa kwa mifugo wala kwa biashara ya sokoni, na tumbo lake halisubiri mpaka awe fundi. Yuko mtu aliyepaswa kumlisha. Tutaonyesha kwamba penye mlishaji fani ilistawi, na alipoondoka ilififia hata kama sifa za utamaduni ziliendelea kutolewa majukwaani.

Mafunzo katika jamii za asili

Singida ni makazi ya watu wa asili nyingi. Wapo Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Warimi. Wapo Wanyiramba na Wanyisanzu upande wa kaskazini, Wagogo na Wakimbu upande wa Manyoni, Wataturu wafugaji, na Wahadzabe wachache wa pande za kuelekea Ziwa Eyasi. Njia zao za kufundishana hazikuwa za namna moja, lakini zinaweza kuelezwa kwa mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni mafunzo ya ndani ya ukoo. Miongoni mwa Wagogo, kwa mfano, mtoto alijifunza zeze na marimba ya mkono kwa kukaa karibu na baba, babu au mjomba, akisikiliza siku nyingi kabla ya kuruhusiwa kugusa. Ngoma za muheme, ambazo kwa desturi hupigwa na wanawake, zilipokewa na mabinti kutoka kwa mama na shangazi zao. Mafunzo ya namna hii hayakuwa na ada, na si kwa sababu hayakuwa na thamani. Mwalimu na mwanafunzi walikula chungu kimoja, basi posho ya mwanagenzi ilikuwa tayari imo ndani ya chungu hicho.

Fungu la pili ni mafunzo ya nje ya ukoo, yaani ya vyama vya ngoma. Hapa mfano ulio bora ni wa Wasukuma, jirani zetu wa kaskazini-magharibi, ambao wengi wao wamehamia na kufanya makazi Iramba na Manyoni. Kwao vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu karne ya 19, na masimulizi yao huvitaja vyama hivyo kwa majina ya waasisi wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Mavuno yakishakwisha, vyama hivyo huitana uwanjani. Kila kimoja hucheza upande wake kwa wakati ule ule, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Mwanagenzi aliyetaka kuingia alimfuata kiongozi wa chama, akatoa kitu cha kuingilia, akamtumikia, na kwa malipo hayo akafundishwa nyimbo, mitindo ya kucheza, na dawa ambazo ziliaminika kumpa mchezaji mvuto. Hii ilikuwa ada halisi. Lakini tuangalie upande wa pili: chama kilipoalikwa kucheza, mwenyeji aliwalisha wageni wote, wakubwa kwa wanagenzi. Alichokitoa kijana wakati wa kuingia kilimrudia kwa njia ya nyama na ugali wa mwaliko.

Hata wakati wa mvua chama cha vijana hakikulala. Wasukuma na Wanyamwezi wana desturi ya kulima kwa ngoma. Vijana hujipanga safu wakiwa na majembe, mpigaji huwatangulia, manju huanzisha wimbo, na shamba la mwenyeji hulimwa kwa mapigo. Mwenyeji hulipa kwa ng'ombe, kwa mbuzi au kwa fedha. Hapo mwanamuziki kijana alilipwa mara mbili kwa jasho moja, kwa sababu jembe lilimpatia ujira na wimbo ukampatia ustadi. Tunaitaja desturi hii kwa kuwa wako watu wasemao kwamba kulipwa kwa muziki ni jambo la kigeni lililokuja na dansi la mjini. Madai hayo hayana msingi. Wazee wetu walilipa. Tofauti ni kwamba hawakulipa kwa noti.

Misheni, shule na kwaya

Wakati wa ukoloni mlishaji mpya alitokea. Wamisionari wa Kikatoliki waliweka kituo Makiungu katika nchi ya Wanyaturu, na Walutheri wa kutoka Marekani wakaeneza kazi yao Iramba tangu miaka ya 1920. Shule zikafunguliwa, na pamoja nazo kwaya. Vijana wakajifunza kusoma nota za do-re-mi ubaoni na kuimba kwa sauti nne. Mwanafunzi wa bweni alilishwa na shule, kwa hiyo alikuwa na wasaa wa mazoezi, na kwa mara ya kwanza mtoto asiye wa ukoo wa wapigaji aliweza kuwa mwanamuziki kwa sababu tu ya kuwa na sauti nzuri.

Lakini mlango huo ulikuwa na kizingiti. Aghalabu aliyeingia katika kwaya aliambiwa aiache ngoma, kwani ngoma ilihesabiwa kuwa ni ushenzi. Likazuka pengo kati ya waliosoma na waliokuwa uwanjani, na kijana mwenye kipaji akalazimika kuchagua chungu kimoja kati ya viwili.

Ni haki kueleza kwamba baadhi ya wamisionari wenyewe walilitambua kosa hilo. Howard Olson, Mlutheri wa Marekani aliyefika miongoni mwa Wanyaturu katika miaka ya 1940, aliichunguza lugha ya Kirimi kwa kina, na baadaye, akiwa mwalimu katika chuo cha Makumira, alikusanya nyimbo za kanisa zenye mahadhi ya Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilieni Mungu. Baadhi ya mahadhi hayo ni ya Kinyaturu, na kwa njia ya tafsiri yameimbwa na Wakristo wa nchi za mbali ambao hawajapata kuiona Singida. Basi sauti ya kiangazi chetu ilivuka bahari. Walakini, kwa kawaida nyimbo za namna hii huandikwa vitabuni kuwa ni za kabila fulani, si za mtu fulani. Mtungaji wa kwanza hana jina, na asiye na jina hana wa kumlipa.

Mshahara wa Serikali

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba vijana waliosoma walikuwa mahodari wa kucheza dansi za Ulaya na hali hawakuzijua ngoma za wazazi wao. Linalotupendeza zaidi katika tangazo lile ni jinsi lilivyounganisha mambo mawili, utamaduni na vijana, katika ofisi moja. Mwaka uliofuata Jimbo la Kati liligawanywa, na Singida ikawa mkoa.

Katika miaka hiyo ya 1960 kiliundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Kikafuatiwa na kikundi cha sarakasi, ambacho vijana wake walipelekwa China kujifunza, na katika miaka ya 1970 kikaundwa kikundi cha maigizo. Wanachama wa vikundi hivyo walikuwa watumishi wa Serikali. Walipata mshahara mwisho wa mwezi kama makarani na madereva. Jambo hili lilikuwa kubwa kuliko tunavyolikumbuka. Kwa mara ya kwanza mpigaji wa ngoma alipoulizwa kazi yake aliweza kujibu kwamba ni kupiga ngoma.

Muziki wa dansi nao ulipita njia hiyo hiyo. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwaajiri wanamuziki wake kwa mshahara, na ala zikawa mali ya mwajiri. Hata kijana asiye na shilingi ya kununulia gitaa aliweza kuingia, akaketi nyuma ya wakongwe, akajifunza. Muhidin Gurumo, aliyekuwamo tangu mwanzo na kufariki mwaka 2014, ni ushahidi wa jinsi ajira hiyo ilivyomwezesha mtu kuishi maisha yake yote katika fani moja. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na viwanda vya umma vilikuwa na bendi za namna hiyo.

Manufaa ya mpango huo hayana mjadala. Lakini tukiutazama kutoka Singida tunaona na hasara yake. Mshahara ulikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo aliyeutaka alikwenda Dar es Salaam. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma na fundi asiye na mfano wa zeze na marimba, aliitwa huko katika miaka ya 1960. Vikundi vya taifa vilipovunjwa na mahali pake kufunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, akawa mwalimu wa chuo hicho, na mpaka alipofariki mwaka 2003 alikuwa ameusikilizisha ulimwengu muziki wa Kigogo katika majukwaa na santuri za Ulaya. Taifa lilipata faida kubwa, na wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi, hata kutoka ng'ambo, walijifunza marimba ya Kigogo ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Lakini mtoto wa Manyoni, ambaye muziki ule ni wa bibi na babu yake, alibaki Manyoni. Kutoka Singida mjini hadi pwani ni takriban kilomita 700. Kadiri mafundi walivyovutwa kwenda kwenye mshahara, ndivyo kiangazi cha nyumbani kilivyopungukiwa na walimu.

Ada badala ya posho

Tangu miaka ya 1980 hali ya uchumi ilibadilika, na sera za uchangiaji wa gharama zikaingia katika elimu. Mashirika ya umma yaliyofadhili bendi yalidhoofika au kuuzwa. Chuo cha Bagamoyo kiliendelea. Mwaka 2002 ukumbi wake mkuu wa maonyesho uliungua moto, ukajengwa mwingine, na mwaka 2007 chuo kikafanywa wakala wa Serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Taasisi hiyo hufundisha stashahada na kozi fupi, na tamasha lake la kila mwaka bado ni shule kubwa kwa wenye kulifikia. Lakini anayejifunza sasa hulipa. Katika muda wa kizazi kimoja tumetoka kwa kijana aliyelipwa ili ajifunze, tukafika kwa kijana anayetakiwa alipe ili aruhusiwe kujifunza.

Hatusemi kwamba ada ni dhambi. Tumekwisha kuonyesha kwamba hata Bagika na Bagalu walitoza. Tunalosema ni kwamba ada ya asili ilirudi kwa mwanagenzi katika msimu ule ule, kwa sababu chama kilikuwa na uhakika wa mialiko. Ada ya leo hailindwi na mwaliko wowote. Mzazi wa Ikungi au Mkalama aliyeuza magunia ya alizeti amlipie mwanawe mafunzo ya muziki hana anayemhakikishia kwamba kijana atapata hata onyesho moja la malipo.

Zanzibar imetupa funzo katika jambo hili. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 katika Mji Mkongwe, kimewafundisha taarabu na ala zake vijana wengi ambao bila hicho wasingegusa kanuni wala udi. Hata hivyo mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba kilikuwa hatarini kufungwa, kwa kuwa wafadhili walikuwa wamepungua na wanafunzi walio wengi hawakumudu ada. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo penye watalii na sifa za karne nyingi, tutarajie nini penye upepo mkavu wa Singida?

Kwa upande wa shule, tunayo mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ambayo hufanyika katikati ya mwaka na kujumuisha kwaya na ngoma pamoja na michezo. Yalisimamishwa kwa muda mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha yakarudishwa, na ni jambo la kushukuriwa. Watoto huwekwa kambini, hulishwa, hufanya mazoezi. Kasoro ni kwamba kambi hizo ni za siku chache na shabaha yake ni ushindi. Mtoto hufundishwa wimbo mmoja wa kushindania. Hafundishwi ala, wala haachwi na mzee wa kumfuata baada ya kombe kutolewa.

Mfano kutoka Marekani

Wako watakaodhani kwamba kuwalisha vijana ili wajifunze muziki ni anasa ya nchi maskini isiyojua vipaumbele vyake. Tutazame basi nchi tajiri. Mwaka 1928 mwalimu mmoja wa Marekani, Joseph Maddy, alifungua kambi ya okestra kwa wanafunzi wa sekondari mahali paitwapo Interlochen, katika jimbo la Michigan, kwa kutumia likizo ndefu ya majira yao ya joto. Kambi hiyo hutoza ada, na hutoa misaada kwa wasiojiweza. Mwaka 1940 kiongozi wa okestra ya Boston, Serge Koussevitzky, alianzisha kituo cha mafunzo huko Tanglewood. Na vijana wanaochaguliwa kuingia katika ngazi yake ya juu hawatozwi karo, kwa sababu wafadhili huichanga. Vijana hao hujifunza asubuhi kwa mafundi wa okestra kubwa, na jioni hupiga mbele ya watu waliokata tiketi.

Tukiutazama kwa makini mpango huo, tutaona kwamba mambo yake matatu makuu ni msimu wa mapumziko, fundi anayeketi karibu na mwanagenzi, na onyesho lenye mlipaji. Yote matatu yalikuwako katika kiangazi cha wazee wetu. Hatuna haja ya kuyaagiza kutoka Michigan.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba Mkoa wa Singida uwe na kambi ya muziki ya kila kiangazi. Wakati unaofaa ni likizo ya mwezi wa Juni, ambayo kwa bahati njema huangukia mara baada ya mavuno. Wiki nne zinatosha kuanzia. Wachaguliwe vijana kutoka kila wilaya, wanafunzi na waliokwisha kuacha shule, wa kike sawa na wa kiume, kwa kipimo cha kipaji na bidii peke yake. Walimu wawe wazee na akina mama wenye fani vijijini, nao walipwe ujira unaojulikana, kwa hati, kama mtaalamu mwingine yeyote anayeitwa na Serikali. Vijana wapewe malazi, chakula, na posho ndogo ya kufidia kazi waliyoiacha nyumbani. Bila posho hiyo watakaokuja ni watoto wa wenye nafasi tu, na mchunga ng'ombe mwenye masikio ya ajabu tutampoteza.

Kambi isiishie katika hotuba ya kufunga. Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane ya Kanda ya Kati, ambayo huikutanisha Singida na Dodoma katika viwanja vya Nzuguni, hufanyika mwezi wa Agosti. Vijana wa kambi wapige huko, na walipwe. Halmashauri, vyama vya ushirika na makampuni ya alizeti hukodi vikundi kila mwaka kuchangamsha mabanda yao. Wakianza kwa vijana hawa, fedha ambayo tayari hutumika itakuwa imerudi kwa mwanagenzi kama ilivyorudi nyama ya mwaliko.

Ama kuhusu mahali pa kupata fedha, njia zipo. Sheria imezitaka halmashauri tangu mwaka 2018 kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 katika hizo ni ya vijana. Mkopo huo haufai kuwa posho, kwani posho hairejeshwi. Lakini kikundi kilichotoka kambini kinaweza kuutumia kununua ala na vipaza sauti. Mitaala mipya iliyoanza mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali katika sekondari na kuitambua sanaa kuwa ni kazi. Kambi ya kiangazi ingekuwa karakana ya mkondo huo, sawa na vile mwanafunzi wa useremala apelekwavyo kiwandani.

Mwisho, kila wimbo utakaofundishwa kambini urekodiwe pamoja na jina la aliyeufundisha, kijiji chake na mwaka. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazitambua pia sanaa za jadi, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyeandikwa popote. Tumekwisha kuona jinsi mahadhi yetu yalivyokwenda mbali yakiwa hayana jina la mtu.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba katika kila zama alikuwako aliyeubeba mzigo wa mwanagenzi: kwanza ukoo na chama, kisha misheni, kisha Serikali. Leo mzigo huo umerudishwa juu ya mabega ya mwanagenzi mwenyewe, naye ni mdogo kuubeba. Wazee walioshika zeze na mama waliopiga muheme kabla ya redio kufika vijijini wanapungua kila mwaka, na fundi anapozikwa bila kuacha mwanafunzi hakuna bajeti inayoweza kumfufua. Hawa waliobaki hawatudai sifa. Wanahitaji vijana wa kuwafundisha, mahali pa kukaa nao, na chakula cha kutosha wiki nne. Mkoa unaovuna alizeti na vitunguu vya kulisha miji mikubwa hauwezi kushindwa kuwalisha vijana wake kwa muda huo.